Itazameni Fuwele Ingali Ndani ya Mmumunyo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi, walimu na mafundi wa maabara za fizikia na kemia. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Ndugu wanafunzi, walimu wenzangu, nanyi mafundi wa maabara ambao bila ninyi hakuna lenzi inayokaa sawa: asanteni kwa kuja.

Nianze kwa kuuliza. Nani humu ndani amewahi kuona fuwele ikikua? Siulizi nani amewahi kuona fuwele. Fuwele sote tumeziona, zimekauka, zimo ndani ya kichupa, zimebandikwa jina na tarehe. Nauliza nani amewahi kukaa na hadubini akaitazama fuwele ingali ndani ya mmumunyo wake, akauona uso wake ukisogea, akaona kona moja ikiitangulia nyingine. Mikono ni michache. Basi ninyi wengine ndio niliowajia.

Mazoea yetu ni haya: tunayeyusha, tunapoza, tunachuja, tunakausha, kisha tunapeleka kwenye mashine ya eksirei. Eksirei siidharau hata kidogo. Inatuambia kila atomu imekaa wapi. Lakini haituambii ilifikaje pale. Tena kuna jambo baya zaidi. Unapoitoa fuwele kwenye mmumunyo, utando mwembamba wa mmumunyo hutoka nao umeishika. Maji yanakauka, na chumvi iliyobaki inajijenga ovyo juu ya uso uleule uliotaka kuuchunguza. Kwa hiyo unachokuja kukiona baadaye ni habari za dakika ya mwisho tu, tena zimechafuliwa. Ukitaka kujua fuwele inavyokua, itazame ikikua. Narudia: itazame ikikua.

Shauri hili si langu, wala si la jana. Mwaka 1744 Royal Society ya London ilimtunuku Henry Baker nishani ya Copley, heshima yake kubwa kabisa ya kisayansi, kwa majaribio yake juu ya chembe za chumvi zinavyojipanga kuwa fuwele. Baker hakuwa profesa. Riziki yake aliipata kwa kuwafundisha viziwi kusema. Alichukua chumvi moja baada ya nyingine, akaiyeyusha, akaweka tone juu ya kioo, akatazama. Ni hayo tu. Na tone lile lile mnaweza kuliweka leo. Mtaona fuwele za kwanza zinazaliwa ukingoni mwa tone, si katikati. Kwa nini ukingoni? Kwa sababu pale tone ni jembamba na maji yanaondoka kwa kasi zaidi, kwa hiyo pale ndipo mmumunyo unapovuka kiwango cha kushiba, yaani kiasi cha chumvi ambacho maji yanaweza kukibeba, mapema kuliko pengine pote. Mtu anaweza kufundishwa habari za kushiba kwa mmumunyo muhula mzima asielewe, akaja akaelewa mbele ya tone moja.

Sasa tuingie ndani. Mmumunyo ukipita kiwango cha kushiba, molekuli zilizomo zina haja ya kutoka. Zinatua juu ya uso wa fuwele. Lakini je, molekuli ikitua juu ya uso laini, inashikwa na nini? Inashikwa na majirani wachache walio chini yake tu, na mara nyingi inang'oka na kurudi kwenye maji. Inayotua kwenye ukingo wa tabaka ambalo halijakamilika hupata majirani chini na ubavuni, nayo hudumu. Ukingo huo tutauita kidato. Fuwele hukua kwa vidato: tabaka moja linatambaa juu ya uso mpaka linaufunika wote, kisha linaanza jingine.

Hapo ndipo penye fumbo lililowasumbua watu kwa miaka. Tabaka likishafunika uso wote, kidato kimekwisha. Jipya litaanzaje? Hesabu zilisema inabidi molekuli nyingi zikutane kwa bahati juu ya uso laini, na kwamba bahati hiyo haiji mpaka kiwango cha kushiba kipitwe kwa makumi ya asilimia. Lakini mwaka 1931 wanasayansi Volmer na Schultze walikwisha kuona fuwele za iodini zikikua katika mvuke uliopita kiwango hicho kwa takribani asilimia moja tu. Hesabu inasema haiwezekani, na fuwele inakua. Nani mkweli?

Jibu lilitoka kwa mwanafizikia Charles Frank wa Bristol, Uingereza, mwaka 1949. Alisema fuwele halisi haijapangika kikamilifu. Inayo kasoro ambapo matabaka yamejisokota kuzunguka mstari mmoja, mithili ya ngazi ya kuzunguka ndani ya mnara. Ukiitembea ngazi hiyo, hufiki mahali ukaambiwa kidato kimekwisha. Kila mzunguko unakupandisha tabaka moja, na kidato kipo palepale. Kwa hiyo fuwele haihitaji kusubiri bahati. Inakua kwa kuzunguka, nayo itaonyesha juu ya uso wake vilima vya msokoto. Mwaka 1950 mtafiti Griffin alichapisha picha za hadubini za uso wa fuwele ya berili, aina ya madini, na misokoto hiyo ilikuwapo, kama ilivyotabiriwa.

Hata hivyo angalieni: berili ile ilikuwa imekwisha kukua zamani, ardhini. Ilikuwa alama iliyobaki. Watu wakaendelea kuuliza: je, tunaweza kuviona vidato hivyo vikitembea, ndani ya maji, wakati wenyewe wa kukua? Ilichukua zaidi ya miaka 30. Mwaka 1983 Katsuo Tsukamoto wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, alichapisha picha za vidato vya unene wa molekuli moja juu ya fuwele iliyokuwa ikikua ndani ya mmumunyo wa maji. Na chombo chake kikuu kilikuwa hadubini ya mwanga.

Najua kuna mtu hapa keshaanza kutikisa kichwa. Yuko sahihi kutikisa. Tumefundishwa sote kwamba hadubini ya mwanga ina mpaka wake. Mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe aliuweka mwaka 1873: vitu viwili vilivyokaribiana kuliko takribani nusu ya urefu wa wimbi, yaani kama nanomita 200, mwanga hauwezi kuvitenganisha. Molekuli ni ndogo kuliko hapo mara mamia. Tunawezaje basi kuona kidato cha unene wa molekuli?

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo moyo wa hotuba yangu ulipo. Mpaka wa Abbe ni mpaka wa ubavuni. Unasema huwezi kutenganisha vidato viwili vilivyobanana. Hausemi neno lolote juu ya kimo. Kidato kimoja kilichokaa peke yake, mbali na wenzake, kinaweza kuwa na kimo cha nanomita moja na bado mwanga ukakihisi, kwa sababu mwanga ni wimbi, na wimbi lililosafiri mbali kidogo zaidi hurudi limechelewa kidogo. Jicho halioni kuchelewa. Jicho huona ung'avu na rangi tu. Kazi yote ya mbinu hizi ni moja: kugeuza kuchelewa kuwa ung'avu.

Wa kwanza kuifanya kwa ustadi ndani ya hadubini alikuwa Mholanzi Frits Zernike wa Groningen. Mwaka 1932 aliipeleka mbinu yake ya tofauti ya fezi, yaani ya kuchelewa kwa wimbi, kwa watengenezaji wakubwa wa hadubini mjini Jena. Walimjibu kwamba kama ingekuwa na faida, wao wenyewe wangekwisha kuibuni. Mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel kwa mbinu hiyohiyo.

Baada yake akaja Georges Nomarski, aliyefanya kazi Paris, na kwa wanaotazama fuwele huyu ndiye baba. Prizma yake hugawa mwale mmoja kuwa miwili inayotua juu ya uso wa fuwele ikiwa imeachana umbali mdogo sana. Ikirudi, inaunganishwa tena. Kama uso ni tambarare, yote miwili imesafiri sawa. Kama mmoja umetua juu ya kidato na mwenzake chini yake, mmoja umechelewa, na mahali pale panang'aa au panafifia. Tufanye hesabu kidogo. Protini ya laisozaimu ina fuwele ambazo kwenye mojawapo ya nyuso zake kidato kina kimo cha nanomita 5.6. Mwanga unakwenda na kurudi, na ndani ya maji tunazidisha kwa 1.33. Tofauti ya safari inakuwa takribani nanomita 15. Mwanga wa kijani una urefu wa wimbi wa nanomita 550. Kwa hiyo tunatafuta kuchelewa kwa chini ya sehemu moja ya thelathini na tano ya wimbi. Ni kidogo, lakini kinakamatika.

Tatizo lipo kwingine. Chumvi ya kawaida, sodiamu kloridi, ina kipimo cha kupinda mwanga cha 1.54. Ikiwa hewani, uso wake unarudisha karibu asilimia 4.6 ya mwanga. Itie sasa ndani ya mmumunyo wake ulioshiba, ambao kipimo chake ni karibu 1.38. Uso uleule unarudisha kama asilimia 0.3 tu! Mwanga umepungua mara kumi na tano. Na wakati huohuo kioo cha dirisha la chombo chako, kule juu kinakokutana na hewa, kinakurudishia zaidi ya asilimia 4 ya mwanga usiouhitaji. Yaani unatafuta mnong'ono, na dirisha linapiga kelele. Wanafunzi wengi huvunjika moyo hapa, wakidhani hadubini yao ni mbovu. Si mbovu. Ni fuwele na mmumunyo wake ambao, machoni pa mwanga, karibu wanafanana.

Dawa yake ni kuukataa mwanga unaotoka kwingine. Hadubini ya konfoka hufanya hivyo kwa tundu dogo lililowekwa mahali ambapo mwanga wa kina kimoja tu unapita, na wa vina vingine unazuiwa. Gen Sazaki na wenzake huko Japani waliunganisha konfoka ya leza na prizma za Nomarski, wakaviona vidato vya fuwele za protini vikitembea ndani ya mmumunyo. Kisha mwaka 2010 wakachapisha jambo ambalo mimi kila nikilisimulia nasisimka: vidato vya barafu, vyenye kimo cha nanomita 0.37. Barafu ile ilikuwa ikikua kutoka kwenye mvuke, si kwenye maji, lakini hebu pimeni: kuchelewa kwa mwanga pale ni chini ya sehemu moja ya mia tano ya wimbi. Kimo hicho ni cha tabaka moja la molekuli za maji. Kimeonekana kwa mwanga. Hakikuguswa.

Na neno hilo, hakikuguswa, lina uzito. Ziko hadubini za ncha zinazopapasa uso na kuona mambo madogo zaidi. Ninazitumia na kuziheshimu. Lakini ncha ile inakaa katikati ya uso na mmumunyo, inazuia molekuli kufika, na kwenye fuwele laini za protini inaweza kukwangua. Mwanga unapita, unarudi, na fuwele inaendelea na kazi yake.

Isipokuwa joto. Mwanga hubeba joto, na sitaki mtoke hapa mkiamini kwamba kutazama hakuna athari. Taa ya zamani ya halojeni ikiachwa wazi inaweza kupasha tone kiasi cha kuifanya fuwele isimame, au ianze kuyeyuka kona zake zikiwa za kwanza kuviringika. Wekeni kichujio cha joto, au tumieni taa ya LED. Na chombo chenyewe kiwe na maji yanayozunguka au bamba la kudhibiti joto, lisiloyumba zaidi ya sehemu ya kumi ya digrii. Kwa chumvi ambazo kuyeyuka kwake kunategemea sana joto, shabu ikiwa mojawapo, hata kuyumba kidogo hivyo kunaweza kuharibu kazi.

Tutoke juu ya uso wa fuwele kidogo, tutazame mmumunyo unaoizunguka. Fuwele inapokula, mmumunyo ulio jirani yake unapungukiwa. Ukipungukiwa, kipimo chake cha kupinda mwanga kinabadilika, na mbinu za mwingiliano wa mawimbi zinaweza kuchora ramani ya upungufu huo kwa mistari ya mwanga na giza. Mwaka 1938 mtafiti Berg alifanya hivyo kwa fuwele za sodiamu klorati. Akakuta mmumunyo ulio kwenye kona za fuwele umekolea kuliko ulio katikati ya uso. Ndiyo sababu fuwele ikikua haraka mno kona hukimbia mbele na katikati hubaki nyuma, mpaka uso mzima unakuwa shimo lenye ngazi. Mmeziona fuwele za chumvi za namna hiyo. Tena, mmumunyo uliopungukiwa ni mwepesi, kwa hiyo hupanda juu kama uzi wa moshi kutoka kwenye fuwele. Ukiwa na kifaa kinachoonyesha tofauti hizo za mwanga, utauona uzi huo waziwazi, nao ukikatika utajua kukua kumesimama kabla hujapima chochote.

Kwa wanaotaka namba: uelekezeni mwanga wa leza nyekundu ya nanomita 633 kwenye uso unaokua, na muuchanganye na mwale wa rejea, yaani mwale wa leza hiyohiyo ambao haukugusa fuwele. Kila mstari unaopita mbele ya kamera una maana kwamba uso umesogea takribani nanomita 230. Hesabuni mistari, gaweni kwa muda. Ni kipimo kizuri mno.

Na mkikipima mtakutana na jambo la kushangaza. Wekeni fuwele mbili za shabu, za ukubwa mmoja, ndani ya chombo kimoja, mmumunyo mmoja, joto moja. Moja itakua, nyingine itasuasua. Nimelitazama hili kwa jicho langu: uso wa kushoto unasonga bila kupumzika, vidato vinatoka kwenye kilima kimoja karibu na ukingo, kimoja baada ya kingine, uso wa kulia, safi kama kioo, hauna kilima wala kidato, na umesimama. Tofauti yao ni kasoro. Ile yenye kasoro ndiyo iliyokuwa ikikua, na ile nzuri ilikuwa imekwama. Ukizipima fuwele elfu moja zilizokauka ukachukua wastani, hutalijua hili kamwe. Wastani utakupa fuwele ambayo haipo.

Uchafu nao una hadithi yake. Mwaka 1783 Mfaransa Romé de l'Isle alieleza kwamba chumvi ya kawaida, ambayo siku zote hutoa michemraba, ikikua katika maji yaliyotiwa mkojo hutoa maumbo ya pande nane. Leo tunajua kazi hiyo inafanywa na yurea, kemikali iliyomo ndani ya mkojo. Molekuli zake hukaa kwenye nyuso fulani na kuvizuia vidato. Swali: nyuso zilizozuiwa zinakuwa kubwa au ndogo? Wengi hujibu ndogo. Hapana. Uso unaokua haraka hujimaliza, unajisukuma nje mpaka unabaki ncha. Uso unaokua polepole ndio unaobaki na kutawala umbo. Uso uliozuiwa ndio mtakaouona.

Nimebakiza mwanga uliochujwa, ule unaotetemeka upande mmoja. Wekeni vichujio viwili vya polaroidi vilivyopishana msalaba, kimoja chini ya tone na kimoja juu yake. Tone lote linakuwa giza. Fuwele nyingi zitawaka rangi, na rangi hubadilika unene unapoongezeka, kwa hiyo unaziona zikipita kutoka kijivu hadi manjano hadi nyekundu zikiwa zinanenepa. Chumvi na shabu hazitawaka, kwa sababu mpangilio wao ni wa mchemraba. Ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kujua kwamba kuna aina mbili za fuwele ndani ya tone moja. Na hili si mchezo. Ritonavir, dawa ya kupambana na VVU, iliingia sokoni mwaka 1996. Mwaka 1998 likatokea umbo jipya la fuwele zake lisiloyeyuka vizuri, na vidonge vyake vya kapsuli vikabidi viondolewe mpaka dawa itengenezwe upya. Molekuli ileile, mpangilio mwingine. Chini ya hadubini, kugeuka kwa namna hiyo kunaonekana: fuwele za umbo la kwanza zinaviringika kona, zinapungua, zinatoweka, na pembeni yake fuwele za umbo la pili zinanenepa kwa molekuli zilezile. Ukichuja mapema utasema ni umbo la kwanza. Ukichuja baadaye utasema ni la pili. Wote wawili mtakuwa sahihi na mtagombana bure.

La mwisho, ambalo kwangu ni zuri kuliko yote. Sodiamu klorati nayo ni ya mchemraba, lakini ina fuwele za mkono wa kushoto na za mkono wa kulia, zinazofanana kama kitu na taswira yake kwenye kioo. Inazungusha mwanga takribani digrii 3 kwa kila milimita, moja kushoto, nyingine kulia. Ukikizungusha kichujio cha juu kidogo, za mkono mmoja zinafifia na za mkono mwingine zinang'aa. Mwaka 1990 Dilip Kondepudi na wenzake huko Marekani waliziacha fuwele hizi zikue katika mmumunyo uliotulia, wakazihesabu: za kushoto na za kulia zilikaribiana. Kisha wakakoroga mmumunyo wakati wa kukua. Karibu fuwele zote za jaribio moja zikawa za mkono mmoja! Jaribio hili za kushoto, jaribio lile za kulia, bila kujulikana mapema. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba fuwele ya kwanza kuzaliwa inapigwa na kikorogeo, inamwaga vipande, na vipande hivyo vyote ni watoto wa mama mmoja. Vichujio viwili na kukoroga, basi.

Nyuma ya ukumbi kuna hadubini tatu. Ya kwanza ina tone la sodiamu klorati, na vichujio viko tayari. Mkifika pale, anzeni na lenzi inayokuza kidogo, tafuteni ukingo wa tone, na zungusheni kichujio cha juu polepole, digrii chache tu kila upande. Ya pili ina shabu ndani ya chombo chenye joto lililodhibitiwa. Tafadhali msiguse meza. Ya tatu ina prizma ya Nomarski, na fundi wetu atawaonyesha jinsi ya kuisogeza mpaka vidato vitokee. Kabla hatujakwenda huko, karibuni kwa maswali.